Kasoro ya kiwandani au uharibifu? Namna ya kutambua senti za kale
Kabla ya Kenya kutoa sarafu zake mwaka 1966, wakazi wa Kisii na Nyamira walitumia senti 10 za Afrika Mashariki, zenye tundu katikati na pembe za ndovu. Kasoro halisi hutokea kiwandani, kwa mfano sarafu kukosa tundu. Tundu lililozibwa baadaye huacha alama ya duara. Ichunguzwe kwa kioo cha kukuzia. Tundu la pili, lililotobolewa ili sarafu ivaliwe shingoni, hukata maandishi. Huo ni uharibifu. Herufi zilizofifia kwa kushikwashikwa ni uchakavu tu. Mwenye sarafu asiisugue, kwani hupunguza thamani, wala mnunuzi asilipie mkwaruzo bei ya kasoro.