Askari wa Kizulu na Nyumba Yake

Msafiri atokaye Kilosa kwenda Iringa hufika kwanza Mikumi, mahali palipopata jina lake kwa ile mikumi, yaani mivumo, iliyosimama huko uwandani. Akishapita hapo huingia milimani, hata akaufikia mto Ruaha Mkuu. Wasafiri wengi hutazama tembo na twiga, wakaona safari imetimia. Mimi hapo humkumbuka mtu aliyekufa maji katika mto huo, ambaye hakuwa Msagara wala Mhehe, wala hakuzaliwa katika nchi hii. Jina lake ni Sykes Mbuwane, naye alikuwa askari wa Kizulu.

Labda mtauliza, Mzulu alifuata nini huku? Katika mwaka 1888 watu wa pwani waliwaondokea Wadachi kwa vita, na mkubwa wao alikuwa Bushiri bin Salim wa Pangani. Serikali ya Wadachi ikamleta jemadari wake, Hermann von Wissmann, mwaka 1889. Huyo hakuja na Wazungu watupu. Aliajiri Wasudani huko Misri, akatuma watu kusini katika nchi ya Wareno, upande wa Inhambane, wakaajiri vijana huko na kuwaleta kwa meli. Watu wakawaita wote Wazulu. Bushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, na askari wale wakakaa katika nchi ambayo hawakuijua jana wala juzi.

Vita vilipokwisha pwani vikahamia bara. Mkwawa, Mtwa wa Wahehe, alikuwa na nguvu nyingi, na jeshi lake lilishuka mara kwa mara mpaka Usagara na kuitikisa njia ya misafara ipitayo Kilosa kwenda Tabora. Agosti 17, 1891, Wahehe walikiotea huko Lugalo kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Mambo yalikwisha upesi mno, kwa kuwa askari walikuwa safarini, mizinga imefungwa juu ya punda, na Wahehe walitoka vichakani karibu sana na mikuki yao. Zelewski akauawa, na Wazungu wengine tisa, na askari zaidi ya mia mbili, mbali ya wapagazi. Waliosalia walirudi upande wa Kilosa, wamechoka na wengi wamejeruhiwa. Mwaka uliofuata Wahehe waliwashukia Wadachi tena karibu na Kilosa yenyewe. Wazulu walikuwamo katika vita hivi, nao hawakuwa na ugomvi wowote na Mkwawa. Hata lugha yake hawakuijua. Tusiwafanye mashujaa bure, wala tusiwalaani, maana mwenye kuajiriwa huenda aendako bwana wake.

Oktoba 1894 Wadachi waliivunja ngome ya Kalenga, lakini Mkwawa alitoroka, akawasumbua mpaka alipojiua mwaka 1898. Katika kurudi kutoka vita vya Uhehe ndipo Sykes Mbuwane alipozama katika Ruaha. Aliacha Pangani mwana mchanga, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1894, jina lake Kleist.

Mtoto yatima wa askari mgeni, asiye na ukoo katika nchi, angepotea kama mchanga pwani. Lakini Wazulu wale walikuwa wamejifanya ukoo wao wenyewe. Mkubwa wao, Affande Plantan, alimtwaa mtoto akamlea pamoja na wanawe, Thomas, Schneider na Ramadhani Mashado. Tazameni majina hayo: ya Kidachi, ya Kiislamu, na damu ya Kizulu, na lugha ya nyumbani Kiswahili. Huyo Mashado ndiye aliyekuja kuwa na gazeti lake mwenyewe, Zuhra. Nyumba ilikuwa kubwa, na katika nyumba kubwa mtoto hujifunza mapema kuomba nafasi yake na kuilinda.

Kleist alisoma kwa Wadachi, akajua kuandika na kuhesabu. Vita vya 1914 vilipokuja, akapigana upande wao kama baba yake. Majeshi ya Smuts yalifika Kilosa Agosti 1916, na Wadachi wakarudi nyuma kusini. Vita vilipokwisha mwaka 1918, bwana aliyemtumikia baba na mwana hakuwapo tena. Wangapi walibaki hivyo, na medali tu ya kuonyesha watoto! Kleist aliishika kalamu, akawa karani wa reli, ile reli ya kati ipitayo Kilosa kwenda Kigoma.

Katika mwaka 1924 alifika Dar es Salaam Daktari Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, aliyekuwa akizunguka Afrika kutazama habari za elimu. Kleist alizungumza naye, na shauri alilopewa lilikuwa kwamba Waafrika waunde chama chao. Halikusahauliwa. Mwaka 1929 African Association ilianzishwa Dar es Salaam, na katibu wake akawa Kleist. Mwaka 1933 akawa katibu tena, wa Al Jamiatul Islamiyya, iliyojenga shule ya watoto wa Kiislamu mjini. Ukatibu si kazi ya sifa. Ni kukaa usiku na taa, kuandika barua na kukumbusha watu ada zao. Alipokufa mwaka 1949 alikuwa ameandika kwa mkono wake habari za maisha yake, na mjukuu wake akazitumia katika insha iliyopigwa chapa mwaka 1973.

Wanawe Abdulwahid na Ally nao walikwenda vitani, mara hii kwa Waingereza, mpaka Burma. Waliporudi walikiingia chama cha baba yao.

Juni 19, 1954, Gavana Twining alilirudisha Kalenga fuvu la kichwa cha Mkwawa, lililokuwa Ulaya, akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wake. Siku kumi na nane baadaye, Julai 7, wajukuu wawili wa yule Mzulu wa Ruaha, Abdulwahid na Ally, walikuwa miongoni mwa watu kumi na saba walioianzisha TANU mjini Dar es Salaam.