Kompyuta ya gemu imezeeka? Jua kinachoichosha kabla hujanunua kifaa

Wasikilizaji wetu wengi wa vijijini wana kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika ofisini. Wengine wanachezea gemu nyumbani. Wengine wamefungua kibanda, na mashine hiyo ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Baada ya muda inachelewa kuwaka, wachezaji kwenye skrini wanakwamakwama, wateja wanaanza kuhamia kwa jirani. Swali linalofuata ni moja: nibadilishe nini, na pesa yenyewe ni hii kidogo?

Kwa mtu wa kijijini, kukosea hapa ni gharama kubwa. Muuzaji yuko Kariakoo au Nairobi, kifaa kinasafiri kwa basi. Kikifika na kukataa kuingia, unalipia tena mzigo wa kurudisha, na si kila muuzaji anakubali kupokea kilichofunguliwa. Ndiyo maana tumeandika makala haya, uyasome kwenye simu kabla hujatuma pesa.

Mfano wetu ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 yenye prosesa ya Intel Core i5-3470. Ukimuuliza muuzaji, taja prosesa pia, kwa sababu Dell walilirudia jina la 7010 mwaka 2023 kwa mashine nyingine kabisa. Kama yako ni HP au Lenovo ya rika hilo, hatua ni zile zile.

Pima kwanza

Fungua gemu inayokusumbua na uicheze kwa dakika kumi. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uingie palipoandikwa Performance. Soma namba hizi:

- Memory ikikaribia asilimia 100, RAM haitoshi.
- Disk ikijaa wakati mashine inawaka au gemu inafunguka, diski ni ya polepole.
- GPU ikijaa huku CPU ina nafasi, kadi ya picha imezidiwa.
- CPU ikijaa huku GPU imepumzika, prosesa ndiyo inayokwamisha.

Kabla ya kutoa hata shilingi, safisha. Vumbi likiziba feni, prosesa hupata joto, nayo hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua kava, toa vumbi kwa brashi laini au kwa kupuliza huku umeshika feni isizunguke. Mashine ya miaka kumi na zaidi pia inafaa ibadilishiwe ile dawa ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na feni yake, kwani hukauka. Fundi anaweza kukufanyia kwa muda mfupi. Pima tena. Wapo ambao safari yao huishia hapa.

Kanuni yetu: anza na utakachohama nacho

Mashine hii itafika siku utaiacha. Kwa hiyo kila kifaa kiulizwe: nikinunua mashine nyingine, hiki nitakichukua? SSD utahama nayo. Kadi ya picha utahama nayo. RAM ya DDR3 na prosesa ya zamani vitabaki humo humo, maana mashine mpya hazivipokei. Pesa ikiwa ndogo, ielekee zaidi kwenye vitu vinavyohama, na hivi vinavyobaki vipewe kile kidogo kinachohitajika.

SSD

Kama mashine bado ina diski ya kuzunguka, SSD ndiyo badiliko utakaloliona siku hiyo hiyo. Diski ya kuzunguka husoma kwa kasi ya megabaiti 100 hadi 150 hivi kwa sekunde. SSD ya SATA hufika kama 500. Windows inawaka haraka, gemu inafunguka haraka. Lakini tuseme ukweli: SSD haifanyi picha iende laini zaidi ukishaanza kucheza. Hiyo ni kazi ya kadi ya picha na prosesa.

Nunua ya SATA ya inchi 2.5. Zile ndogo nyembamba ziitwazo M.2 ni nzuri, ila ubao wa 7010 hauna mahali pa kuzichomeka. Kuhusu ukubwa, GTA V ya kompyuta iliyotoka mwaka 2015 inataka zaidi ya gigabaiti 60, na EA Sports FC 24 inataka 100. SSD ya 240 itajaa haraka. Ya 480 au 512 inakupa nafasi. Diski ya zamani usiitupe, iache ndani ihifadhi filamu na gemu usizocheza kila siku.

RAM

Kwa gemu za siku hizi, GB 8 ndiyo mwanzo. Kama una GB 4, ongeza. Ukiweza kufika 16 kwa bei ndogo ni vizuri, lakini kumbuka kanuni: DDR3 haihami. Weka mbili zinazofanana badala ya moja kubwa, kwa sababu zikifanya kazi kwa jozi data hupita haraka zaidi.

Mitego ni mitatu. DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR3, pengo lake liko mahali tofauti, usilazimishe. RAM ya laptopu ni fupi, haifai. Na RAM za seva, ambazo huuzwa kwa bei ya kuvutia, zinaonekana sawa na zinaingia, lakini mashine kama hii haiwaki nazo. Mwambie muuzaji wazi: DDR3 ya kompyuta ya mezani, si ya seva.

Kadi ya picha

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mtu huangalia nguvu ya kadi akasahau mashine itakayoibeba. Jibu maswali matatu.

La kwanza, umeme. Pawa saplai ya 7010 ya mnara ni wati 275, ile nyembamba ni wati 240. Kadi inayodai waya wake wa ziada wa umeme iache. Tafuta inayokula kupitia tundu lake tu, yaani isiyozidi wati 75. Usitegemee kubadilisha pawa saplai kirahisi pia: mashine nyingi za ofisini za Dell na HP zina plagi zao za pekee, na zile nyembamba hazipokei pawa saplai ya kawaida.

La pili, nafasi. Mashine ya mnara hupokea kadi ya kimo cha kawaida. Ile nyembamba inataka kadi fupi, iliyoandikwa low profile. Ile ndogo kabisa haina nafasi ya kadi, basi usipoteze pesa.

La tatu, skrini. GTX 1050 Ti na wenzake hazina tundu la VGA. Kama skrini yako ina VGA peke yake, ongeza kwenye hesabu kigeuzi cha HDMI kwenda VGA.

GTX 1050 Ti ya GB 4, iliyotoka mwaka 2016, ni chaguo lenye mantiki kwa mashine hii, mradi iwe ya aina isiyo na waya wa ziada. GTX 1650 ina nguvu zaidi, na zipo za wati 75. Mfuko ukibana kuna GT 1030 ya wati 30, lakini ziko za aina mbili kwa jina moja: yenye GDDR5, na yenye DDR4 ambayo ni dhaifu zaidi. Soma boksi, chukua ya GDDR5.

Jihadhari na feki. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa jina kwa programu ili zijitambulishe kama 1050 Ti. Ukiona "1050 Ti" yenye tundu la VGA, hiyo ni dalili kubwa ya ughushi. Omba muuzaji akutumie picha ya upande wa matundu, na picha ya programu ya bure iitwayo GPU-Z ikiwa imefunguliwa. Programu hiyo huandika neno FAKE pale inapoigundua.

Prosesa, na mahali pa kusimama

Prosesa iwe ya mwisho. Kutoka i5-3470 unaweza kupanda hadi i7-3770, inaingia tundu lile lile na inafanya kazi nyingi kwa pamoja vizuri zaidi. Lakini ni ya kizazi kile kile, na haihami. Ifikirie tu kama kipimo chako kilionyesha CPU imejaa na bei ni ya chini.

Linganisha na gemu unazotaka. GTA V ya 2015 inapendekeza i5-3470 hiyo hiyo, GB 8 za RAM na kadi ya GTX 660. Ukiwa na 1050 Ti umefika. FC 24 kwa uchache inataka i5-6600K, GB 8 na 1050 Ti. Kadi utakuwa nayo, prosesa bado iko chini. Kama wateja wako wanataka mpira wa miaka hii, kuimarisha 7010 hakutamaliza tatizo.

Liko jambo jingine. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Kwa hiyo jumlisha bei ya vifaa vyote. Ikikaribia bei ya mashine iliyotumika yenye kizazi cha nane, nunua mashine hiyo, hamishia SSD na kadi baadaye ukishahakikisha vinaingia.

Umeme wa nyumbani

Mashine hii ikiwa na 1050 Ti na ikifanya kazi kwa nguvu zote hula kama wati 180, bila skrini. Saa tano ni karibu uniti moja. Anayetumia sola apige hesabu hiyo kwanza. Na pale umeme unapopanda na kushuka, stabilaiza au UPS iingie kwenye bajeti kabla ya kadi, maana hitilafu moja inaweza kuondoka na vyote.

Ujumbe wa kumtumia muuzaji

Nakili huu, ujaze vyako: "Nina Dell OptiPlex 7010 ya mnara, i5-3470, pawa saplai wati 275, RAM DDR3, skrini ina VGA tu. Nataka kadi isiyo na waya wa ziada wa umeme. Nitumie picha ya matundu na ya GPU-Z. Ikikataa kufanya kazi, nina siku ngapi za kurudisha, na nauli ya mzigo analipa nani?"

Muuzaji akijibu yote kwa maandishi, uhifadhi ujumbe huo. Akikwepa swali la mwisho, tafuta mwingine.