Ekuphakameni: kwa Anayekwenda Inanda Mara ya Kwanza

Mswahili akifika Durban kwa mara ya kwanza, wenyeji wake aghalabu humpeleka mahali patatu: ufukweni, masoko ya Warwick, na Msikiti wa Juma katika mtaa uliokuwa ukiitwa Grey, ambao sasa ni Dr Yusuf Dadoo. Hatuna ugomvi na ziara hiyo. Lakini kiasi cha kilomita 25 kutoka hapo, juu ya vilima vya Inanda, upo mji mtakatifu ambao wengi wetu tunaoishi huku kusini hupita kando yake miaka nenda miaka rudi bila kuuingia. Jina lake ni Ekuphakameni. Hatuandiki haya ili kumwita mtu aache dini yake. Anayekwenda kuzuru si lazima asali. Tunaandika kwa kuwa tumeulizwa mara nyingi: mgeni anaingiaje, avae nini, na je, ni salama?

Kwanza ajue anakwenda kwa nani. Isaiah Shembe, mhubiri na mponyaji, alianzisha Ibandla lamaNazaretha mwaka 1910. Miaka mitatu baadaye, 1913, serikali ya Afrika Kusini ikapitisha sheria ya ardhi iliyowazuia Waafrika kununua ardhi nje ya maeneo waliyotengewa, ambayo yalikuwa kama asilimia 7 tu ya nchi nzima. Familia nyingi zilijikuta hazina pa kulima wala pa kuzika. Katika muongo huohuo Shembe alipata ardhi Inanda kwa kununua, akawakaribisha wajane, yatima, wanawake waliokimbia ndoa mbaya, na watu waliofukuzwa mashambani. Miji mitakatifu mingine tunayoijua ilirithiwa kutoka kwa manabii na wafalme. Huu ulinunuliwa kwa fedha, wakati ambapo mtu mweusi kununua ardhi kulikuwa karibu muhali. Mwenye kulifahamu hilo hataona ajabu kwamba adabu nyingi za pale zinahusu ardhi yenyewe.

Basi, viatu. Mahali pa ibada huvuliwa, na hilo kwetu si geni. Ugeni ni kwamba huoni mlango wa kuvulia. Hekalu la Wanazareti kwa desturi ni uwanja wa wazi, chini ya miti, na mpaka wake ni mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa nyeupe. Sisi tuliosomea uhandisi tumezoea kudhani kwamba jengo ni kuta na paa. Pale jiwe lisilofika goti ndilo ukuta. Usilivuke na viatu, usilikalie, wala usilitumie kuegesha mkoba. Ukiona mawe meupe, simama, tazama watu wanaingilia upande gani, kisha fuata. Wanaume na wanawake huketi mbalimbali. Mwanamke afunike kichwa na avae nguo ndefu. Bibi zetu wa pwani wakiwa na kanga zao hawatahitaji kubadilisha kitu. Waumini huvaa kanzu nyeupe, lakini mgeni halazimiki, na tusingemshauri aivae kama vazi la maonyesho. Nyama ya nguruwe haliwi, kwa hiyo usiende nayo hata ndani ya mkate.

Siku yao kuu ya juma ni Jumamosi, Sabato. Anayetaka kuona ibada aende siku hiyo. Mwanzoni mwa Januari maelfu hufanya safari ya miguu ya siku kadhaa hadi mlima mtakatifu wa Nhlangakazi, wengi wao bila viatu. Mwezi Julai kuna mkutano mkubwa, na hapo ndipo ngoma huonekana kwa wingi: pembe ndefu, ngoma za ngozi, wazee katika ngozi za chui (siku hizi nyingi ni za bandia, ili kuwanusuru chui), na vijana wenye sketi za mirabaraba kama za Waskoti na kofia ngumu za wakoloni. Watalii hucheka. Msicheke. Kucheza kule ni sala, na anayekatiza safu ili apate picha nzuri amefanya sawa na kupita mbele ya mtu aliyesujudu. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukikataliwa, ishukuru simu yako na uirudishe mfukoni.

Kuna jambo wageni wengi hawaambiwi: miji ni miwili. Shembe alifariki mwaka 1935, akarithiwa na mwanawe Johannes Galilee. Huyu alipofariki mwaka 1976 kukazuka mgogoro wa urithi baina ya ndugu yake Amos na mwanawe Londa. Londa alibaki Ekuphakameni, liliko kaburi la mwasisi. Amos aliondoka na waumini walio wengi, wakajenga Ebuhleni, palepale Inanda. Londa aliuawa mwaka 1989. Ebuhleni nako, baada ya kifo cha kiongozi Vimbeni Shembe mwaka 2011, mgogoro mwingine ulifika mahakamani. Kwa hiyo mwambie dereva wazi unakwenda wapi, na usimuulize mwenyeji ni upande upi wenye haki. Amezika watu kwa ajili ya swali hilo.

Sasa usalama. Inanda ni eneo lenye uhalifu mwingi. Nenda mchana, na mtu anayejulikana huko. Na kuna hofu nyingine, ambayo Waswahili huisema kwa sauti ya chini. Aprili 2015 wageni walishambuliwa Durban na vitongoji vyake, na Wakongo na Warundi wanaosema lugha yetu walilala kwenye mahema Isipingo na Chatsworth. Hatuwezi kumwambia mtu asahau. Tunachoshauri ni kutokwenda kimyakimya kama mpelelezi. Salimia kwanza: “Sanibonani.” Sema umetoka wapi na umekuja kuzuru. Kisha tega sikio: umuntu ni mtu, amanzi ni maji, inyama ni nyama. Durban wao huita eThekwini, yaani penye ghuba. Ekuphakameni ni mahali palipoinuka. Ebuhleni ni penye uzuri. Ile -ni ya mwisho ndiyo -ni yetu ya nyumbani na mjini. Tumeona nyuso zikibadilika kwa somo hilo dogo la sarufi kuliko kwa pasipoti yoyote.

Ukimaliza mapema, karibu na hapo kuna Phoenix, makazi aliyoanzisha Gandhi mwaka 1904, yakachomwa katika ghasia za Agosti 1985 na kufunguliwa upya mwaka 2000. Iko pia shule ya Ohlange ya John Dube, rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, na ndiye aliyeandika kitabu cha maisha ya Shembe kwa Kizulu. Kaburi la Dube liko hapo, na hapo ndipo Mandela alipopiga kura tarehe 27 Aprili 1994. Huko unaweza kuvaa viatu vyako.