Kabati la Vitabu Lisisahauliwe

Kitu cha kale kikichakaa, je, kimepotea? Habari ya Kabambare yatujibu.

Tangu Julai 1870 hata Februari 1871 Livingstone alikaa hapo, miguu ina vidonda. Mwaka ule wa 1871, humu Maniema, karatasi zikamwishia. Akaandika juu ya gazeti la zamani kwa wino wa mimea. Wino ukafifia. Lakini mwaka 2011, baada ya kupigwa picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, maandiko yale yalitolewa, yakasomeka tena.

Basi, kabati la zamani la vitabu, liwe la Kasongo au la Kabambare, nalo laweza kuhifadhiwa kwa picha. Kwanza lipimwe: urefu, upana, kina, na unene wa kila ubao. Kisha lipigwe picha pande zote, kila picha ikishika sehemu ya jirani yake. Kompyuta huziunganisha kuwa sanamu moja. Milango nayo ifunguliwe, maana viungo, bawaba na alama za patasi ndivyo vionyeshavyo mkono wa fundi.

Kweli, sanamu hiyo haibebi hata kitabu kimoja. Lakini mbao zikiisha kuliwa, seremala atapata humo vipimo vya kuchonga kabati jingine. Tusingoje mchwa watutangulie.