Jina Lililo Ukingoni

Mtu asiyezoea nishani za vita akipewa moja mkononi hutazama uso wake. Huona sura ya mfalme au malkia, na akiigeuza huona simba, au mpanda farasi, au mwanamke mwenye mbawa anayewakilisha ushindi. Mkusanyaji mzoefu wa nishani za Kiingereza hafanyi hivyo. Yeye huishika kwa vidole viwili, akaielekeza kwenye nuru na kuizungusha polepole ili asome ukingo. Katika nafasi hiyo nyembamba pamepigwa chapa namba, cheo, jina na kikosi cha mtu mmoja. Uso wa nishani ni mali ya dola, na maelfu ya watu wamegawana sura ile ile. Ukingo ni wa mtu mmoja peke yake. Insha hii yahusu ukingo huo, na mambo ambayo wapenzi wa kazi hii wameyatoa humo.

Desturi ya kuandika jina la askari wa kawaida si ya kale sana. Vita vya Waterloo vilipiganwa tarehe 18 Juni 1815, na nishani ya ushindi ule ilianza kugawiwa mwaka uliofuata. Ukiacha ile ya Dunbar ya mwaka 1650, hiyo ndiyo ya kwanza ya Uingereza iliyotolewa kwa jenerali na kwa askari wa chini bila tofauti ya umbo wala ya madini. Zilitengenezwa takriban 39,000, zote za madini ya fedha, na majina yakapigwa ukingoni kwa mashine. Jamaa za waliouawa walipewa pia. Kabla ya hapo mtu wa chini alikuwa hesabu tu katika taarifa ya kamanda: wamekufa kadhaa, wamejeruhiwa kadhaa. Tangu hapo jina lake lilikuwamo katika fedha, nayo fedha haili mchwa kama karatasi.

Wako walioumia kwa jambo hilo. Askari waliopigana miaka mingi katika Hispania na Ureno dhidi ya majeshi ya Napoleon waliona vijana wa siku moja ya Waterloo wakivaa nishani, ilhali wao hawana kitu. Walingoja hata mwaka 1847 ndipo serikali ikakubali kuwatolea yao, tena kwa sharti gumu: apewe tu yule aliye hai na aliyeomba mwenyewe. Waliofika walikuwa kama 26,000, wengi wao wazee. Juu ya utepe waliruhusiwa kuvaa mabamba madogo ya fedha yenye majina ya mapigano waliyokuwamo, nayo mapigano yaliyohesabiwa yalikuwa 29. Mwenye kuichunguza nishani hii hana budi kukumbuka kwamba ni daftari la walioishi muda mrefu, wala si daftari la waliopigana. Aliyefia Badajoz hayumo. Hata aliyerudi kwao mzima akafa kitandani mwaka 1840 hayumo.

Basi hapa pana jambo ambalo wakusanyaji huliona mapema kuliko wanazuoni. Nishani husema kweli, lakini kweli yake ina mipaka iliyowekwa na aliyeitoa. Mfano mzuri ni nishani ya vita vya Crimea. Tarehe 25 Oktoba 1854, karibu na Balaklava, wapanda farasi wapatao 670 wa vikosi vitano vyepesi walitumwa kwa amri iliyoeleweka vibaya kushambulia mizinga ya Warusi bondeni. Habari hiyo ilijaa duniani. Walakini bamba la Balaklava lilitolewa kwa kila aliyekuwapo katika eneo la vita siku ile: wapanda farasi wazito, askari wa miguu wa Uskoti, wapiga mizinga, na hata wale wa vikosi vile vitano ambao hawakupanda, kwa kuwa farasi wao alikufa au walikuwa na kazi nyingine. Bamba ni lile lile. Nishani ya mtu aliyeingia bondeni na ya mwenzake aliyebaki nyuma hazitofautiani hata kwa nukta, lakini bei zake katika mnada zapishana mno.

Hapo ndipo utafiti unapoanza. Mkusanyaji huchukua jina la ukingoni akaenda nalo Kew, London, yaliko makao ya nyaraka za taifa la Waingereza. Huko hutazama madaftari ya mishahara ya kikosi, robo mwaka kwa robo mwaka: mtu huyu alilipwa wapi mwezi wa Oktoba? Alikuwa hospitali ya Scutari? Farasi wake ametajwa? Hutazama karatasi za kuachishwa kazi, ambamo karani ameandika urefu wa mtu, rangi ya macho, makovu na tabia. Hufungua magazeti ya miji midogo kutafuta habari za mazishi, kwa maana mhariri wa mji mdogo alipenda kutaja kuwa marehemu alikuwa mmoja wa wale mashuhuri. Hutafuta orodha za waliohudhuria karamu za ukumbusho, ambazo ya kwanza ilifanywa mwaka 1875. Wako watu waliotumia nusu ya umri wao kwa ajili ya majina 670. Nimesikia ikisemwa kuwa huo ni upuuzi wa wenye nafasi. Mimi sioni hivyo. Ni nani mwingine angeuliza habari za mfua viatu vya farasi aliyefariki katika nyumba ya maskini?

Walakini penye bei pana hila. Jina la mtu asiye na sifa laweza kuondolewa kwa tupa, likapigwa jina la mwenye sifa. Mkusanyaji hupima kipenyo cha nishani, maana iliyopigwa tupa hupungua kidogo, na hulinganisha umbo la herufi, kwa kuwa kila vita vilikuwa na chapa zake. Lakini si kila jina lililobadilishwa ni la udanganyifu. Askari aliyepoteza nishani yake, naye akaona haya kusimama gwarideni bila kitu kifuani, alinunua ya marehemu dukani, akamwambia sonara amwekee jina lake. Huyu alistahili nishani. Ile aliyovaa tu haikuwa yake.

Na nishani ziliuzwa, tena mara nyingi na wenyewe. Usiku wa kati ya tarehe 22 na 23 Januari 1879, askari kiasi cha 150 wa Kiingereza walijihami katika kituo cha Rorke's Drift, mpakani mwa nchi ya Wazulu, wakazuia maelfu ya wapiganaji hata alfajiri. Watu 11 walipewa Msalaba wa Victoria, ambao ndio heshima kubwa kupita zote. Mmoja wao, William Jones, aliuweka wake rehani kwa sababu ya ufukara, akafa Manchester mwaka 1913 katika hali ya umaskini. Leo vitu vya namna hiyo hulipiwa mali isiyohesabika kwa urahisi. Orodha za waliojihami usiku ule zimechunguzwa jina kwa jina mara nyingi. Kwa upande wa Wazulu, miili zaidi ya 350 ilihesabiwa kuzunguka kituo asubuhi ile. Ilihesabiwa, haikuandikwa.

Nakuja sasa kwa vita vya 1914 hata 1918, ambavyo vimewapa wakusanyaji nishani nyingi kuliko vyote vilivyotangulia. Nishani ya Vita ya Uingereza, iliyoidhinishwa mwaka 1919, ilitolewa kwa fedha kwa watu wapatao milioni 6 na nusu, na kila moja ina jina ukingoni. Kwa wingi huo haikuwa na thamani sokoni. Januari 1980 bei ya madini ya fedha ilipanda hata kukaribia dola 50 kwa aunsi moja, na nishani hizo zikauzwa kwa uzito na kutiwa tanuruni kwa maelfu. Kila iliyoyeyushwa ilikwenda na jina lake. Hasara hiyo ilikuwa nzito kuliko inavyoonekana, maana mnamo Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliunguza ghala ya nyaraka huko London, yakateketeza kiasi cha sehemu sita katika kumi ya majalada ya askari wa vita vile. Kwa wengi wao kilichobaki ni kadi moja ya kugawia nishani, mstari mmoja katika daftari la nishani, na nishani yenyewe kama ipo. Kadi hizo zapata milioni 5. Siku hizi zimepigwa picha, na mwanafunzi aliye Kigoma aweza kuisoma ya mtu wa Leeds bila kuondoka kitini.

Lakini nishani hiyo haikuwa ya fedha kwa watu wote. Nyingine kama 110,000 zilitengenezwa kwa shaba. Sura ya mfalme ni ile ile, mpanda farasi ni yule yule, na jina limo ukingoni. Madini ndiyo yaliyotofautiana. Za shaba walipewa watu wa vikosi vya kazi: Wachina waliochimba mahandaki Ufaransa, Wahindi, Wamalta, na wengineo walioonekana kuwa wabebaji na wachimbaji kuliko kuwa askari. Watu weusi wa Afrika Kusini hawakupata hata hiyo ya shaba. Walikuwa wamesafiri kwenda Ufaransa katika kikosi cha kazi, na zaidi ya 600 kati yao walizama na meli Mendi tarehe 21 Februari 1917 karibu na kisiwa cha Wight. Serikali ya Afrika Kusini ilikataa kuwagawia nishani. Wenzao wa kikosi kile kile waliotoka Basutoland, Bechuanaland na Swaziland, ambao hawakuwa chini ya serikali hiyo, walipata za shaba. Mkusanyaji akiiona moja ya hizo hufurahi kwa kuwa ni adimu. Ningependa ajiulize pia sababu ya uadimu wenyewe.

Huku kwetu ukingo una matatizo ya namna nyingine. King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya, waliundwa tarehe 1 Januari 1902, na mwaka huo huo ikaanzishwa Nishani ya Afrika kwa ajili ya vita vidogo vidogo vya bara hili. Mabamba yake yana majina kama Nandi, Jubaland na Somaliland, na la mwisho ni lile la Kenya, la miaka ya 1952 hata 1956. Askari wa Keya walipigiwa majina ukingoni kama wengine. Lakini jina liliandikwa na karani Mzungu kwa kadiri alivyosikia, na askari mwenyewe yamkini alitoa jina la utani, au la kijiji, au la baba peke yake. Jina moja la Kiislamu laweza kuwa na sura nne katika madaftari manne. Mtafiti wa Kiingereza huwa na cheti cha kuzaliwa, hesabu ya watu ya kila miaka kumi, na kitabu cha kanisa. Mtafiti wa askari wa Keya ana namba, jina lisilo na hakika, na namba ya kikosi. Baada ya hapo hana budi kuuliza wazee, na wazee wa vita hivyo wamekwisha. Kazi hii ingefaa ianzwe na watu wajuao Kiswahili, Kinyanja na Kisomali, ambao wangeweza kutambua jina chini ya tahajia mbaya. Hadi leo ukingo wa Keya umesomwa zaidi na watu wasioweza kulitamka lililoandikwa.

Wapagazi ndio walio mbali zaidi. Katika vita vya Afrika Mashariki, Waingereza waliwatumia watu wapatao milioni moja kubeba chakula na risasi, nao walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, lakini hilo ni jina la kikosi, si la mtu. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kukiri kuwa watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika utumishi wa vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Nayo ikasema yawezekana idadi ikafika 350,000. Mkusanyaji mwenye bidii kuliko wote hawezi kumfuata mtu ambaye hakuna aliyepiga chapa jina lake.

Hata walioandikwa desturi haikuwadumia. Vita vya 1939 hata 1945 vilipokwisha, serikali ya London iliamua kutopiga majina kwenye nyota na nishani za kampeni, kwa sababu ya gharama na kazi. Australia na Afrika Kusini zilipiga majina kwenye walizowagawia watu wao. Za askari wa Uingereza na za makoloni yake zilitoka tupu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na malaria hata ikafika mto Chindwin, na waliorudi walivaa Nyota ya Burma. Ina ncha sita, taji, na herufi za mfalme. Nyota hizo huonekana kwa wauza vitu vya kale, na bei yake si kubwa. Ukiigeuza nyuma, ni shaba tupu.