Kumbukumbu, mifumo ya

Kumbukumbu ni uwezo wa ubongo wa kupokea, kuhifadhi na kurejesha taarifa. Ni mifumo kadhaa, kila mmoja ukiwa na makao yake ubongoni, na katika miji ya Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hiyo yote huonekana kazini mchana kweupe.

Mbadilisha fedha anapopewa shilingi 1,500 za Kenya, kwa kiwango cha 28, hutaja 42,000 za Uganda kabla mteja hajatoa simu kuhakikisha. Hapo anatumia kumbukumbu ya kazi, inayoshika tarakimu chache kwa sekunde chache kwa msaada wa gamba la mbele la ubongo. Mfumo huu ni finyu: akisemeshwa katikati ya hesabu, huanza upya. Sura ya mteja aliyemdanganya mwaka jana ni habari nyingine. Hiyo ilisajiliwa na hipokampasi, iliyo ndani ya ubongo usawa wa masikio.

Ujuzi wa mwili una njia yake. Mwendesha boda boda, kazi iliyozaliwa mpakani hapa kwa baiskeli miaka ya 1960, hubeba abiria na gunia bila kuyumba, ila ukimwuliza anafanyaje hana la kueleza. Ubongo mdogo wa kisogoni ndio unaojua. Ushahidi kwamba ujuzi huu hautegemei hipokampasi ulitokana na Mmarekani Henry Molaison, aliyeondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi mwaka 1953 ili kutibu kifafa. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimfundisha kuchora nyota akitazama kioo. Mkono uliboreka siku hadi siku, naye hakukumbuka kuwahi kujaribu.

Kumbukumbu hukua polepole. Watu wengi hawakumbuki lolote la kabla ya miaka 3, na gamba la mbele hukomaa baada ya miaka 20. Kwa watoto wa Busia ukuaji huo una maadui wawili: malaria ya ubongo, inayoweza kudhoofisha kumbukumbu hata baada ya mtoto kupona, na minyoo, inayopunguza madini ya chuma ambayo ubongo unahitaji. Mwaka 1998 wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walianza kufuatilia dawa za minyoo katika shule 75 za Busia. Utoro ulipungua kwa robo, lakini alama za mitihani hazikupanda, jambo ambalo wanaoisifu kazi hiyo hulisahau mno. Kuhusu malaria, Busia ni miongoni mwa kaunti 8 za Kenya zilizochaguliwa kwa majaribio ya chanjo ya watoto yaliyoanza mwaka 2019.