Akina Mama wa Uganda Waliowafunza Madaktari

Hapa kwetu Laiser Hill, hata Kitengela na Kajiado mjini, utasikia mtu akisema: "Mtoto mchanga hajui lolote. Akilia mwache, hatakumbuka." Je, ni kweli? Hebu turudi nyuma kidogo, hadi Uganda.

Mwaka wa 1954 mtafiti Mary Ainsworth alifika Kampala. Akisaidiwa na mkalimani wake, Katie Kibuka, aliwatembelea akina mama 26 na watoto wao 28 katika vijiji vya karibu. Hakutumia mashine. Aliketi nao nyumbani, kila baada ya wiki mbili hivi, akitazama. Mama akitoka, mtoto hufanyaje? Akirudi, hutulia?

Aliona kwamba mtoto aliyezoea kuitikiwa hutambaa akacheza mbali na mama, kisha humkimbilia akiogopa. Na akina mama walioweza kusimulia mambo madogomadogo ya watoto wao, watoto hao ndio waliokuwa watulivu zaidi. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1967, mwaka uleule Nairobi ilipoanza kufunza madaktari. Leo wanafunzi wa udaktari duniani husoma aliyojifunza kwa akina mama hao.

Sayansi ya ubongo imeongeza sababu. Ubongo wa mtoto anapozaliwa ni kama robo ya ule wa mtu mzima. Akifika miaka 2 umefika karibu robo tatu. Sehemu inayohisi hofu hufanya kazi mapema, lakini ile inayohifadhi matukio hukomaa polepole. Ndiyo maana hukumbuki ulipokuwa na mwaka mmoja. Hata hivyo, mtoto huyo tayari anajifunza kama kilio chake huitikiwa.

Kulia kidogo hakumdhuru. Kinachomuumiza ni kupuuzwa siku baada ya siku.

Mama, usijilaumu kwa kwenda kazini. Watoto wale wa Uganda waliwazoea pia baba, nyanya na ndugu. Tafuta mlezi anayempenda mtoto, wala usimbadilishe kila mara. Jioni mbebe mwanao, mtazame usoni, zungumza naye. Na ukienda kliniki, mweleze daktari yale madogo uliyoyaona. Usione haya: madaktari walijifunza kwa akina mama kama wewe.

Kwaheri, hadi kipindi kijacho.